PostgreSQL 18: maswali yenu kuhusu kuhama toleo

Toleo la 18 la PostgreSQL, programu ya kutunza kanzidata (hazina ya data), lilitoka tarehe 25 Septemba 2025. Maswali yenu ni mengi. Leo najibu matano.

Seva ya SACCOS yetu hapa Kongwa ina toleo la 13 na haijawahi kutusumbua. Kuna haja gani ya kuhama? – Mhasibu, Kongwa

Kila toleo kubwa hutunzwa miaka mitano, na la 13 liliishia Novemba 2025. Tundu la usalama likigundulika sasa, halizibwi tena. Mmeshika akiba za watu, ndugu yangu. Hameni.

Shikamoo fundi. Umeme ukikatika, kompyuta ya ghala letu la mahindi huzimika ghafla. Toleo jipya litatusaidia? – Kibaigwa

Marahaba. Kukatika kwa umeme kwenyewe PostgreSQL inakumudu tangu zamani: kila badiliko huandikwa kwanza kwenye daftari lake la mabadiliko lililo diskini, na umeme ukirudi inajiponya. Mimi naogopa zaidi diski inayooza kimyakimya. Kuna ofisi moja niliitwa, mkulima kaja na stakabadhi ya karatasi: magunia 98. Kwenye skrini yalisomeka 34. Biti moja tu (ile 0 au 1 ambayo kompyuta huandikia namba) ilikuwa imegeuka, na bakapu zote za wiki tatu nyuma zilibeba 34 hiyohiyo. Bila ile karatasi, mtu yule angepoteza magunia 64.

Kuanzia toleo la 18, kanzidata mpya huwekewa namba ya ukaguzi kwenye kila ukurasa wa data bila wewe kuomba. Zamani ilibidi uiombe. Ukurasa ukisomwa na namba isipolingana na data, unapewa kosa badala ya hesabu ya uongo. Haitengenezi kilichoharibika, lakini utajua mapema, bakapu nzima ikiwa bado ipo. Kwangu hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote. UPS nunueni vilevile.

Natoka toleo la 16, pg_upgrade (programu ya kuhamishia data kwenye toleo jipya) imegoma. Tatizo nini? – Singida mjini

Yaelekea ni namba hizohizo za ukaguzi: kanzidata ya zamani haina, mpya inazo, na pg_upgrade inataka zifanane. Zima seva ya zamani, endesha `pg_checksums --enable`, subiri imalize, kisha jaribu tena. Unaweza pia kuunda mpya kwa `--no-data-checksums`, ila sikushauri. Ukifanikiwa utafurahi: takwimu ambazo PostgreSQL hutumia kupanga njia ya kutafuta data sasa zinahama pamoja na data yenyewe, kwa hiyo asubuhi ya kwanza mfumo haujikokoti kama ilivyokuwa zamani.

Ni kweli kasi imeongezeka mara tatu? – Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma

Hadi mara tatu, katika baadhi ya kazi za kusoma diski. Zamani ilikuwa kama mama ntilie anayemtuma kijana sokoni Majengo kuleta vitunguu, amsubiri arudi, ndipo amtume nyanya. Sasa anaagiza vyote kwa mpigo huku sufuria ikiendelea jikoni. Kuandika hakujaguswa, na kama data yako yote inaenea kwenye RAM, hutaona tofauti kubwa.

Naona onyo kuhusu md5. – Mpwapwa

md5 ni njia ya zamani ya kuficha nywila, na inaelekea kuondolewa. Weka `password_encryption` iwe `scram-sha-256`, njia mpya zaidi, kisha kila mtumiaji aweke nywila yake upya. Kubadili mpangilio peke yake hakugusi nywila za zamani.