Mumeo kakunyonyolea senene hadi usiku wa manane, wewe unasema hana mapenzi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa Pangani, nina miaka 29. Nimeolewa na Mhaya wa Bukoba, huu mwaka wa nne, tunaishi Tabata. Mume wangu hanywi, hanipigi, nyumba anaihudumia. Tatizo hana mapenzi. Hajawahi kutamka kuwa ananipenda. Zawadi zake ni senene, wale panzi wa kwao wanaoliwa, na kahawa ya kutafuna ambayo mama yake hunitumia. Desemba alirudi kutoka kwao na ndoo ya senene wabichi, akakaa kibarazani hadi usiku wa manane akiwanyonyoa, akawakaanga mwenyewe, akaniletea sahani. Niliona kinyaa, asubuhi nikawamwaga. Tangu siku hiyo hasemi na mimi. Wadudu hata dini yangu hairuhusu. Mimi namfukizia udi, naweka asumini kitandani, akauliza kama nimepuliza dawa ya mbu. Namvalia kanga zenye ujumbe, wala hashtuki. Wenzangu kazini wanapelekewa keki na maua ya noti. Hata kaka mmoja wa ofisini alikumbuka siku yangu ya kuzaliwa, akanipa marashi. Niendelee kuvumilia?*

Marahaba, mwanangu. Pole, maana kuishi na mtu asiyesema kunachosha, na mwanamke anahitaji kusikia. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeirudia na kila nikiirudia namwona mumeo anaonewa.

Tuanze na kibaraza. Umeandika habari ya kunyonyoa senene kana kwamba ni kasoro ya mumeo. Unajua kazi ile ilivyo? Senene anashikwa mmoja mmoja, anatolewa mabawa, anatolewa miguu ile yenye miiba, vidole vinanata mafuta na kuchomwachomwa, na ndoo haishi. Kule kwao kazi hiyo tangu zamani ni ya wanawake na watoto. Kwa jirani zao Waganda ilikuwa desturi mke akimkusanyia mumewe senene, mume anamshukuru kwa gomesi mpya, lile gauni lao la heshima. Sasa huyu wako ni mwanamume wa Kihaya, kaketi chini ya taa kibarazani Tabata, majirani wanapita wanamwona, anafanya kazi ya mama zake kwa ajili yako. Kawakaanga kwa mkono wake, kawatia kwenye sahani, kakuletea. Wewe ulitaka akuambie nini zaidi ya hapo?

Na senene hapatikani kila siku. Anakuja na mvua, hasa Novemba na Desemba, usiku, anafuata mwanga wa taa, na watu wa Bukoba wanakesha na mitego ya mabati kumngoja. Mwaka mwingine anaadimika hadi bei yake inashindana na nyama. Mumeo kambeba zaidi ya kilomita 1,300 hadi Dar, angeweza kuwagawia ndugu zake kule kule, akarudi na mkate na soda kama wanavyofanya wengine. Kakumbuka mkewe. Ukamwaga, tena asubuhi, bila shaka ndoo ya taka akaiona. Mimi ningekuwa yeye ningenuna pia.

Ungeweza kukataa kula. Kinyaa hakilazimishwi, na hakuna aliyekutaka ujitapishe. Ungeonja mmoja ukamwambia, "Baba, hili tumbo langu la Kipangani halijazoea, lakini nimeiona kazi uliyoifanya." Ungewafunika, akawala yeye na rafiki zake huku akijisifu kuwa mkewe kamstahi.

Halafu umemwingiza Mungu. Mwanzo umesema kinyaa, baadaye kinyaa kikageuka kuwa dini. Nzige ni halali, hadithi ya Mtume inamtaja pamoja na samaki, na senene anafanana naye. Kama kweli una shaka ya dini, msikiti hauko mbali, kamuulize shehe. Usiifanye dini kichaka cha kujifichia baada ya kumwumiza mtu.

Kahawa ya mkweo nayo imenisikitisha. Ile kahawa huchumwa, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, na mgeni wa heshima akiingia nyumba ya Mhaya ndiyo anayotiliwa mkononi kwanza. Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa kuchanjiana walitafuna punje mbili za tunda moja la kahawa zilizopakwa damu zao. Mama wa watu anakutumia kitu hicho wewe, si mwanawe, na barua nzima sijaona mahali uliposema umempigia simu kumshukuru, wala umemrudishia nini. Sisi watu wa pwani sahani ya futari ya jirani hairudi tupu. Kwa mkwe inarudi tupu mwaka wa nne?

Sasa tuje kwako, maana na wewe una yako. Unamvalia kanga imeandikwa *Japo sipati tamaa sikati*, unamwekea chakula, unangoja ashtuke. Mwanangu, maandishi ya kanga yanakaa chini karibu na pindo, ukijifunga kiunoni yako nyuma yako, na yeye macho yako kwenye sahani. Kijana wa Mombasa au Tanga amekulia nyumba ambayo mama, shangazi na mawifi wanasemezana kwa kanga, wanagombana kwa kanga, wanapatana kwa kanga. Mumeo mama yake alijifunga kanga kwenda shamba la migomba. Anaona nguo nzuri, basi. Asumini vivyo hivyo: kwako ni wito, kwake ni harufu ngeni chumbani, na kwa sababu anakujali akauliza, hakuitupa nje.

Hapo ndipo mlipofanana, na ndipo ninapomtetea. Wewe umeyaficha mapenzi kwenye pindo la kanga, yeye kayaficha kwenye sahani ya senene, kila mmoja anangoja mwenzake asome. Lakini yeye, mtu aliyekulia ndizi na maharage, anakula wali wako wa nazi na samaki wa kupaka mwaka wa nne huu, na katika malalamiko yako yote hukusema amewahi kusukuma sahani.

Ndoa za siku hizi zinaniumiza roho. Mapenzi yamekuwa ya kuonyeshwa watu kwanza. Keki inapigwa picha kabla haijakatwa, maua ya noti yanarushwa status, na noti nyingine ni za mkopo zinarudi kwa mwenyewe keshokutwa. Mwanamke anakaa ofisini anahesabu alivyoletewa mwenzake, akirudi nyumbani anamwona mumewe kapungua. Huyo wa keki hujui wanalalaje. Mumeo hana picha ya kurusha, ana kodi iliyolipwa, mkono usiokupiga, na zawadi ya kwao. Wazee walisema mpende akupendaye, hawakusema mpende ajuaye kupiga picha.

Fanya hivi. Leo usiku usivae fumbo lolote. Keti naye ukiwa umemtazama, mwombe radhi kwa wale senene, bila "ila" na bila "lakini". Muulize kwao mwanamume akimpenda mkewe hufanyaje, umsikilize hadi amalize hata kama atachukua muda kupata maneno. Kisha kanga yako ikunjue mbele yake, msomee kwa sauti, mwambie, "Hiki nilikuwa nakwambia wewe." Naye mwambie wazi kwamba unataka kusikia kwa mdomo kuwa anakupenda, hata kwa Kihaya. Hilo ni haki yako na sikunyimi. Jumamosi nunua doti mbili nzuri, funga na visheti, mtumie mkweo kwa basi la Bukoba, na umpigie simu mwenyewe.

Kuhusu huyo kaka wa ofisini: umemtaja mwisho kabisa, kwa mstari mmoja, na jambo linalosogezwa mwisho wa barua huwa ndilo lililomfanya mtu ashike kalamu. Umeniuliza uendelee kuvumilia. Nadhani ulitaka nikupe ruhusa. Sikupi. Marashi yake mrudishie kesho asubuhi, mbele ya watu, kwa adabu, na umwambie mumeo kabla hajaambiwa na mwingine.