Jibu langu kwa Mjomba: usitamani siasa za Trump kuhusu ugaidi

Mjomba wangu wa Nakuru, kaka yake mama, alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu ya familia. Kwa kuwa wengi walimuunga mkono, naona nijibu mahali ambapo kila mtu atasoma. Alichosema kwa ufupi ni kwamba Trump ndiye kiongozi pekee anayewaambia magaidi ukweli, kwamba amewafungia Wasomali mlango, na kwamba Kenya ingekuwa na mtu kama huyo, mashambulizi ya Al-Shabaab kule Westgate, Nairobi, na Chuo Kikuu cha Garissa yasingetokea. Mwishoni akaniuliza kama siku hizi huku Minnesota tunalala bila wasiwasi.

Hapana, Mjomba. Usalama wangu haujaongezeka hata kidogo. Nitakueleza bila kupaka mafuta, kwa sababu unatamani kitu ambacho mimi naishi chini yake.

Hofu yenu siidharau. Garissa waliuawa watu 148 mwezi wa Aprili 2015, wengi wao watoto waliopelekwa chuoni kwa mchango wa ukoo mzima. Jirani yetu pale Free Area alienda Nairobi kumtafuta binti yake kwenye chumba cha maiti cha Chiromo, na tangu siku hiyo hajawa yule mama tuliyemzoea. Siwezi kumwambia mama huyo kwamba Al-Shabaab ni hadithi. Wapo na wanaua.

Ubishi wangu uko kwenye dawa. Trump alianza mambo haya tarehe 7 Desemba 2015, siku tano baada ya watu 14 kuuawa San Bernardino, California. Alitaka Waislamu wote wazuiwe kuingia Marekani. Sasa tazama: mmoja wa wauaji wale wawili alizaliwa Chicago, na mkewe aliyeshirikiana naye alitoka Pakistan. Januari 2017 Trump alipokuwa rais akafungia nchi saba, Somalia ikiwemo. Pakistan haikuwemo. Saudi Arabia haikuwemo pia, ingawa 15 kati ya wale watu 19 walioteka ndege Septemba 2001 walitoka huko. Mahakama ya Juu ikaikubali amri ya namna hiyo mwaka 2018, majaji watano dhidi ya wanne, Biden akaifuta Januari 2021, na Juni 2025 Trump akaleta nyingine, nchi 12 zikafungwa kabisa na saba kwa sehemu. Alitoa mfano wa shambulio la Boulder, Colorado, ambalo mshukiwa wake ni Mmisri. Misri haikuwekwa kwenye orodha.

Basi orodha inamkamata nani?

Kazini kwetu, kwenye makao ya wazee, nafanya shifti ya usiku na mama mmoja wa Kisomali. Ndiye aliyenifundisha kumgeuza mgonjwa kitandani bila kuumiza mgongo wangu. Mama yake mzazi alikuwa Dadaab, kambi ya wakimbizi kule kaskazini mwa Kenya, akisubiri kuletwa Marekani. Kuletwa huko si kupewa tikiti tu: unaandikishwa na Umoja wa Mataifa, unachukuliwa alama za vidole, unahojiwa na maofisa wa Marekani, jina lako linapitishwa kwenye idara kadhaa za usalama, kisha unapimwa afya. Kila hatua ina muda wake wa kuisha. Ukisimamishwa miezi michache, cheti cha afya kinakwisha. Ukirudia afya, ukaguzi wa usalama nao unakuwa umepitwa na wakati, na unaanza upya. Amri ya 2017 ilipotoka, Wasomali wapatao 140 waliokuwa tayari Nairobi wakingoja ndege walirudishwa Dadaab. Mama yake hakuwa hata amefika hatua hiyo. Nimemwona mwenzangu saa nane za usiku, kwenye chumba cha kufulia, amepanga picha za karatasi za mama yake kwenye simu kwa tarehe, akihesabu ipi itaisha kabla ya ipi. Huyo ndiye gaidi aliyekamatwa, Mjomba. Bibi kizee wa Dadaab.

Mnaposhangilia mnadhani orodha ile ni ya watu wengine. Juni 2025 Burundi iliwekwa. Desemba mwaka huohuo orodha ikapanuliwa, Sudan Kusini ikafungwa kabisa na Tanzania ikawekewa masharti. Angalieni ramani wenyewe mwone inavyotuzunguka. Tena hawakosi sababu ya kututia sisi wakitaka. Novemba 2024 mahakama ya New York ilimtia hatiani Mkenya, mtu wa Al-Shabaab aliyekuwa akijifunza urubani Ufilipino ili aje agonge jengo la Marekani kwa ndege. Kwa hesabu ya Mjomba, ya kwamba taifa zima libebe kosa la mmoja, mimi ningekuwa nimesharudishwa.

Na macho ya maofisa hayatofautishi kama mnavyofikiri. Mimi ni Mkristo, nina jina la kwenye Biblia, karatasi zangu zimekamilika. Niliporudi kutoka mazishi ya nyanya, niliwekwa kando uwanja wa ndege. Ofisa kijana, mwenye adabu kabisa, akafungua ramani kwenye simu yake na kuniuliza Nakuru iko umbali gani na Somalia. Nikamwonyesha kwa kidole. Akauliza tena kana kwamba hajasikia. Nilikosa ndege ya kuunganisha nikilala kwenye kiti, nikapoteza mshahara wa siku, na hakuna aliyeniambia nilishukiwa nini.

Wakati huohuo bomu lililotupwa huku kwetu lilitupwa ndani ya msikiti. Agosti 2017, Bloomington, kandokando ya Minneapolis, waumini walikuwa wanajiandaa kwa sala ya alfajiri. Mungu ni mwema, hakuna aliyeumia. Waliofanya hivyo walikuwa wazungu wa Illinois, Wamarekani wa kuzaliwa, na kiongozi wao alifungwa miaka 53. Hakuna orodha ya nchi ambayo ingemzuia. Maofisa walimfikia kwa upelelezi, ile kazi ya polepole isiyopigiwa makofi kwenye mkutano wa kampeni.

Na nyumbani je? Mmoja wa waliovamia Garissa alikuwa mtoto wa chifu wa Mandera aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Mmoja wa waliovamia hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi Januari 2019, mahali walipokufa watu 21, alikuwa mtoto wa mwanajeshi wetu wa KDF. Mngefunga mpaka upi? Serikali ilishajaribu ukali huo: Aprili 2014 ikafagia Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, na kuwajaza watu uwanja wa Kasarani, mwenye kipande na asiye nacho, na wengi walitoka kwa kuwapa polisi pesa. Mwaka uliofuata Garissa ikashambuliwa. Nani alizuia damu zaidi isimwagike Desemba 2015 basi lilipotekwa Mandera? Abiria Waislamu. Waliwavisha Wakristo hijabu, wakakataa kutenganishwa nao, na mwalimu Salah Farah akapigwa risasi, akafa Januari 2016. Msomali, Mjomba.

Wewe usingepaswa kuambiwa haya na mimi. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ulikuwa Nakuru. Uliwaona vijana waliosimamisha matatu na kudai vipande ili wasome jina la pili. Uliwapelekea watu unga kule Showground, watu ambao kosa lao lilikuwa jina. Hao vijana nao walisema wanalinda usalama. Nilikuwa msichana mdogo, lakini nakumbuka ulirudi nyumbani ukakataa chakula.

Kwa hiyo nikiulizwa maisha ya huku, nasema mshahara upo, shule za watoto ni nzuri, na kila anayetoka kwetu sasa anaishi akisikiliza habari kwa hofu, mwenye karatasi na asiye nazo. Watu wameahirisha kuja kuzika wazazi wao kwa kuogopa kutoruhusiwa kurudi. Hilo nililijua likitokea kwa Wasomali kwanza. Sasa naliona kwa watu wa kanisa letu.

Kuhusu binamu na viza yake ya masomo, mwambieni haya. Tangu Juni 2025 wanafunzi wanatakiwa kuziacha akaunti zao za mitandao wazi ili maofisa wa ubalozi wazisome, basi asifungue nyingine ya uongo na asianze kufuta vitu kwa pupa wiki ya mahojiano. Barua ya chuo na taarifa za benki ziwe za kweli, zisipitie kwa ajenti yeyote wa mjini. Na kabla hajalipa karo, aangalie orodha ilivyo siku hiyo, asitegemee ya mwezi uliopita.