Klemu ya J96.0 imerudishwa, anza na faili

Pole dada, nimekuelewa, daktari kaandika "anapumua kwa shida, awekwe oksijeni", wewe ukajaza J96.0 kwenye klemu, yaani madai ya malipo, ambayo ni namba ya ugonjwa ya "upumuaji kufeli ghafla", bima wakairudisha. Kwa maneno hayo tu ulichonacho ni R06.0, namba ya kupumua kwa shida tu, maana kuwekwa oksijeni peke yake hakuthibitishi kwamba upumuaji umefeli ghafla.

Usiamue ugonjwa mwenyewe kutoka kwenye vipimo, hata ukiona SpO2 (oksijeni inayopimwa kidoleni) 84%. Mrudie daktari umuulize bila kumwekea jibu mdomoni, "hali hii unaiitaje kitaalamu?" Kama ni upumuaji kufeli ghafla kweli, aandike jina lake kamili, chanzo kama ni nimonia, na vipimo vya kabla ya oksijeni, wengi wanaangalia PaO2 (oksijeni kwenye damu ya ateri) chini ya 60 mmHg, au PaCO2 (kaboni dioksidi kwenye damu hiyo) juu ya 50 na pH (kipimo cha asidi ya damu) chini ya 7.35. Na mgonjwa alionekanaje, anapumua mara ngapi kwa dakika, sentensi anaimaliza au inakatika, hayo manesi huwa wanayo kwenye chati kwa hiyo kaangalie na huko.

Ile J96.01 uliyoiona mtandaoni usiinakili tu, mfumo wa Marekani una namba zake.

Nyongeza atakayoandika daktari kwenye faili iwe na tarehe na saa halisi ya kuandikwa, msirudishe tarehe nyuma jamani, huko ni kughushi na kazi utapoteza. Daktari akikuambia we jaza tu, lipeleke suala kwa mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa kituo, kabla hujatuma klemu.