Kabla hujalinganisha dawa mbili za influenza ya watoto, uliza nafuu imepimwaje

Wenzangu mnaoanza kusoma tafiti za tiba ya watoto, mapema sana mtaletewa swali linaloonekana jepesi: kati ya oseltamiviri na baloksaviri, ni ipi inayompa nafuu ya haraka mtoto mwenye influenza? Nami nililetewa swali hilo nikiwa bado mgeni katika kazi hii, nikaandaa jedwali. Safu ya kwanza niliandika saa 44.6, yaani muda ambao nusu ya watoto waliopewa baloksaviri katika jaribio moja la Japani walikuwa wameshapata nafuu. Safu ya pili niliandika saa 150, muda wa watoto waliopewa oseltamiviri katika jaribio lililoitwa miniSTONE-2. Nikahitimisha kwamba dawa ya kwanza inafanya kazi zaidi ya mara tatu ya mwenzake. Aliyekuwa akinisimamia alisoma jedwali lote kwa utulivu, kisha akaniuliza: katika kila jaribio, neno nafuu lina maana gani?

Sikuwa nimelichunguza hilo. Katika jaribio la Japani, mtoto alihesabiwa kuwa amepata nafuu pale kikohozi na mafua ya pua vilipokwisha au kubaki kidogo tu, na joto la mwili likashuka chini ya nyuzi 37.5. Katika miniSTONE-2 mtoto alipaswa kutimiza masharti ya namna hiyo, lakini pia awe amerudia shughuli zake za kawaida, na hali hiyo idumu kwa saa 21.5 mfululizo. Mtoto anaweza kupoa homa leo na bado akakosa hamu ya kucheza kwa siku tatu zaidi. Uthibitisho ulikuwa ndani ya miniSTONE-2 yenyewe, kwa sababu humo baloksaviri nayo ilitolewa, na muda wake ulikuwa saa 138.1. Dawa ile ile niliyoiandikia saa 44.6! Mlinganisho wa haki ni ule wa 138.1 dhidi ya 150.0, na hata huo haumpi mshindi yeyote, kwani mipaka ya makadirio ilikuwa saa 116.6 hadi 163.2 kwa baloksaviri na 115.0 hadi 165.7 kwa oseltamiviri. Zaidi ya hayo, lengo kuu la jaribio hilo lilikuwa kupima usalama. Tangu siku hiyo sichukui namba mbili kutoka katika majaribio mawili tofauti na kuziweka bega kwa bega kabla ya kusoma ukurasa unaoeleza vipimo vya matokeo.

Baada ya maana ya nafuu, tazameni saa ya kuanza dawa. Oseltamiviri huzuia kimeng'enya cha nyuraminidasi ambacho virusi hukihitaji ili vijinasue kutoka katika seli iliyoambukizwa, ilhali baloksaviri huzuia hatua ya awali zaidi, pale virusi vinapoanza kujinakili ndani ya seli. Zote mbili hukatiza kuongezeka kwa virusi, na haziondoi madhara ambayo tayari yamekwisha kutokea, ndiyo maana majaribio mengi hupokea wagonjwa walio ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 2010, uliohusu watoto wa mwaka 1 hadi 3, ulionyesha jambo ambalo halinitoki akilini: oseltamiviri ilipoanzishwa ndani ya saa 12, maambukizi ya sikio la kati yalipungua kwa asilimia 85, lakini walipohesabiwa wote walioanza ndani ya saa 24, upungufu wa maana haukuonekana. Kwa hiyo mkikuta matokeo yanayopingana kuhusu dawa moja, msikimbilie kusema kwamba utafiti mmoja ni mbovu.

Kisha ulizeni ni mtoto yupi aliyechunguzwa. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio matano ya oseltamiviri uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba, kwa watoto ambao vipimo vilithibitisha influenza, ugonjwa ulifupishwa kwa saa 17.6, na watafiti walipowaondoa wenye pumu, tofauti ilipanda hadi saa 29.9. Anayenukuu namba moja bila kumtaja mtoto wake anampotosha msomaji, hata kama hakukusudia. Pumu ina uzito pia katika kuchagua dawa: zanamiviri huvutwa kwa pumzi na inaweza kubana njia za hewa, hivyo haishauriwi kwa watoto hao, na nchini Marekani kwa matibabu imeidhinishwa kuanzia miaka 7 tu. Amantadini, dawa ya zamani ya influenza, haina haja ya kuingia katika majedwali yenu, kwa kuwa virusi vya influenza A vinavyosambaa vimeshakuwa sugu kwake na haijawahi kufanya kazi dhidi ya influenza B.

Kutapika huandikwa mwishoni mwa makala za utafiti, nami naona kunastahili kusogezwa mbele. Katika miniSTONE-2 walitapika asilimia 15.5 ya waliopewa oseltamiviri, na asilimia 6.1 ya waliopewa baloksaviri. Oseltamiviri hunywewa mara mbili kwa siku kwa siku tano, yaani dozi kumi, wakati baloksaviri ni dozi moja. Mzazi anayehangaika usiku na mtoto mdogo anayetema dawa ataiona tofauti hiyo vizuri kuliko tofauti ya saa kumi na mbili za nafuu. Hata hivyo, kwa mtoto mchanga uchaguzi ni finyu: nchini Marekani oseltamiviri imeidhinishwa kuanzia umri wa wiki 2, na baloksaviri kuanzia miaka 5.

Urahisi wa dozi moja una gharama yake, nayo ni usugu. Katika jaribio lile la Japani, watoto 18 kati ya 77 waliochunguzwa walikutwa na virusi vilivyobadilika baada ya baloksaviri, na muda wao wa kupata nafuu ulikuwa saa 79.6, dhidi ya saa 42.8 kwa wenzao. Hapa namba mbili zinalinganishwa kihalali, maana zimetoka katika jaribio moja lenye kipimo kimoja. Kiwango hicho kisihamishiwe kwa watu wazima, ambao hupata mabadiliko hayo kwa nadra zaidi.

Majaribio niliyoyataja yalihusu watoto wasiolazwa. Kwa aliyelazwa akiwa na nimonia, ushahidi mwingi ni wa kufuatilia wagonjwa na kulinganisha kumbukumbu zao, na katika tafiti za namna hiyo aliyepewa dawa mapema mara nyingi hutofautiana kwa mengi na aliyecheleweshwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unapendekeza oseltamiviri kwa wagonjwa wenye influenza kali, lakini pendekezo hilo ni la masharti, yaani halimhusu kila mgonjwa bila kupima hali yake. Mnapolinukuu, andikeni na neno hilo la masharti, kwa sababu daktari atakayesoma muhtasari wenu huenda asipate nafasi ya kufungua mwongozo wenyewe.