Mama ana presha: abaki na daktari mmoja?

Dada, umeuliza kama kuna haja mama yako atoke Ujiji hadi Kigoma mjini kumfuata daktari yuleyule, wakati zahanati ipo jirani. Kwa presha, mimi ningemfuata. Chukua hicho kikohozi kikavu ulichokitaja: anayejua kwamba mama alianzishiwa kaptoprili, dawa ya presha, ataishuku hiyo kwanza, maana huwakohoza baadhi ya watu. Mgeni huenda akaandika antibiotiki tu. Hata kipimo cha 150/95 hakisemi mengi bila vya nyuma.

Homa ya ghafla ni jambo jingine, hapo nendeni zahanati upesi. Ila madaktari wa serikali nao huhamishwa (tunawajua!), kwa hiyo mama atunze daftari lake, dawa zote ziandikwe humo. Na asiikatishe kaptoprili mwenyewe kabla hajaonana na daktari wake.