"Zao husika" ni zao gani?

SWALI: Natengeneza wakala wa akili unde wa kuwajibu wakulima bei za mazao. Kwenye maelezo ya zana yake (programu ndogo ambayo wakala huiita kuchukua bei) nimeandika: "Zana hii inashughulikia masuala ya bei za zao husika katika soko husika." Mwenzangu anasema ingekuwa "zao linalohusika". Nani yuko sahihi? – Msomaji, Nzuguni, Dodoma

JIBU: Kisarufi hakuna aliyekosea. "Linalohusika" limebeba kirejeshi chake. "Husika" limekivua, na matumizi hayo yamekwishazoeleka, hata kuyapinga leo ni kupoteza muda. Hapo sina ugomvi na yeyote. Ugomvi wangu ni kwamba neno lenyewe, livae kirejeshi au lisivae, hapo halina kazi.

"Husu" limetoka Kiarabu, kwenye shina lile lile lililotupa "hasa" na "mahususi". Ukoo mzima ni wa kubainisha. Inauma kuona mmoja wao akitumwa kuficha.

"Husika" huonyesha kidole kwenye jambo lililokwishatajwa. Barua ya ofisini ikianza "Husika na kichwa cha habari hapo juu", macho yanapanda mstari mmoja tu na kukikuta kichwa kwa herufi kubwa. Kisipoeleweka, msomaji ataenda masijala kuomba jalada. Wakala hana masijala. Haoni msimbo ulio ndani ya zana. Anachosoma ni jina la zana, maelezo yake na vigezo vyake, yaani nafasi anazotakiwa kuzijaza, kama zao na soko, basi. Ukimwambia "zao husika", anatafuta lilikotajwa, anakuta patupu, kisha anajaza mwenyewe.

Mkulima anauliza, "Mahindi Kibaigwa leo bei gani?" Una zana mbili, moja ya bei ya jumla na nyingine ya rejareja, na zote "zinashughulikia masuala ya bei": wakala atachukua yoyote. Penye zao ataandika "mahindi meupe", wakati hifadhidata inajua "mahindi" tu. Bei ikirudi ni namba tupu, naye ataisoma kuwa ya gunia, kumbe ni ya debe. Na usije ukajiokoa kwa kuandika "gunia husika"! Gunia gani, la kilo 100 au lumbesa? Mtu ameacha shamba, amekodi gari la kupeleka mzigo sokoni, na bei aliyoifuata haina kipimo.

"Kushughulikia masuala ya" nayo ifute. Zana inayosoma bei inashughulikia, na inayofuta bei inashughulikia vilevile, wakala atazitofautishaje? Taja kitenzi cha kazi yenyewe, na kwa kuwa kazi hiyo hufanyika kila zana inapoitwa, kiambishi "hu-" kinakutosha:

"Hutoa bei ya jumla ya zao moja, katika soko moja, kwa siku moja. Bei ni shilingi kwa kilo 100. Zao: mahindi, mtama, uwele au alizeti, kwa tahajia hii hii. Soko: Kibaigwa au Majengo. Tarehe: mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-07-04. Kama siku hiyo haina bei, hurejesha neno 'hakuna'. Usiitumie kwa bei ya rejareja. Hiyo ina zana yake, bei_rejareja."

Ni ndefu kuliko yako, na kila neno linazuia kosa moja. Tarehe nimeifafanua kwa sababu 04/07 kwetu ni tarehe 4 Julai, na Marekani ni tarehe 7 Aprili. "Hakuna" nimelitaja kwa sababu wakala akirudishiwa nafasi tupu ni rahisi abuni bei. Sentensi ya mwisho ndiyo watu huisahau: zana zinazofanana lazima kila moja iseme mpaka wake na imtaje jirani yake.

Kisha fungua ujumbe wa kosa, maana nina hakika "husika" limejificha na huko. "Thamani husika si sahihi" humwacha wakala akirudia neno lile lile au akikisia jingine. Andika: "Zao 'mahindi meupe' halimo. Tumia mahindi, mtama, uwele au alizeti." Ataita zana upya akiwa na neno sahihi, na mkulima atapata bei ya Kibaigwa aliyoiuliza.