Mama haoni vizuri, lakini anaona watoto kwenye pazia

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 81 na presha ya macho imemwachia uoni kidogo sana. Tangu Ramadhani anaona watoto wenye kofia nyekundu wamejipanga kwenye pazia, kimya. Akili yake ni timamu, madeni ya duka anayakumbuka kuliko mimi. Majirani wanataja majini. Nataka jibu la kitaalamu: jicho lisiloona linaonaje?

JIBU: Kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Jicho lake halioni hao watoto. Ubongo ndio unaowaona. Kazi ya jicho ni kupokea mwanga na kupeleka taarifa kwa neva. Picha yenyewe hufumwa nyuma ya ubongo, usawa wa kisogo, na maeneo ya jirani. Presha ya macho ikishaua neva, taarifa hupungua, lakini seli za huko nyuma hazilali. Huanza kuchangamka zenyewe, na zikichangamka, mtu anaona.

Hali hii inaitwa Charles Bonnet, kwa jina la mtaalamu wa Geneva aliyeandika mwaka 1760 kuhusu babu yake. Mzee huyo alikuwa na mtoto wa jicho, akiona watu, ndege na majengo, huku akijua fika kwamba havipo.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa London, 1998. Dominic ffytche na wenzake (ndiyo, jina lake linaanza na herufi ndogo) waliwalaza wagonjwa wa aina hii ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, wakawaomba watoe ishara kila maruweruwe yanapokuja. Aliyeona rangi, lilichangamka eneo la ubongo linaloshughulikia rangi. Aliyeona sura za watu, lilichangamka eneo la sura. Kwa hiyo mama hadanganyi wala hajitungii: kwa ubongo wake, huko ni kuona kabisa.

Wala si lazima uwe mgonjwa. Katika utafiti mmoja wa Boston uliochapishwa 2004, watu 13 wenye macho mazima walifungwa vitambaa usoni kwa siku 5. 10 kati yao waliona vitu. Na kofia zisikushangaze, watu wadogo wenye kofia hutajwa mara nyingi mno na wagonjwa hawa. Wengi huficha wasiitwe vichaa, ndiyo maana kliniki siku hizi nauliza mwenyewe.

Ningekuwa na wasiwasi kama angesikia sauti, angeamini watoto ni wa kweli, angeanza kusahau mambo, au haya yangeanza ghafla pamoja na homa au dawa mpya. Hapo mpeleke hospitali upesi. Vinginevyo, mtaje hali hii kwa daktari wake kliniki ijayo. Wakitokea, awashe taa, apepese macho, au atazame kulia na kushoto mara kadhaa. Mara nyingi hutoweka. Matone ya presha asiyaache, watoto wawepo wasiwepo.